Panga Langu Katika Vibanja vya Watu

Wanaojua kwamba niliaibika katika biashara ya mikoba hudhani aibu yenyewe ni plastiki. Hiyo niiseme kwanza niimalize, maana ndiyo ndogo. Mikoba niliyoishona Kayanga, Kagera, na kuiuza mpaka Mwanza na Dar es Salaam niliinadi kuwa ya ngozi ya mgomba, isiyo na mnyama wala kemikali. Ukweli ni kwamba maganda ya mgomba, hata ukiyakausha na kuyashindilia vipi, hayawi ngozi. Ukiyakunja yanapasuka, mvua ikiyapata yanavimba. Kilichoyawezesha kuvumilia bega la mteja ni kitambaa kwa ndani na tabaka la poliyurethani kwa juu, nililolipaka mwenyewe kwa brashi. Mwaka 2021 taasisi moja ya Freiberg, Ujerumani, ilitoa matokeo ya vipimo vya bidhaa za namna hii, zikiwamo za nanasi, tufaha na kaktasi. Kadhaa zilikutwa zimeshikiliwa na plastiki, na hakuna iliyoifikia ngozi kwa kila kipimo. Sikuwa peke yangu, basi. Lakini lebo zangu niliziandika mwenyewe, na mteja aliyerudisha mkoba uliobambuka nilimrudishia fedha yake bila kumweleza ile ngozi ya juu iliyobambuka ni nini.

Kubwa ni panga.

Kila shina la mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Kwa mtu mwenye macho ya mfanyabiashara, kila kibanja, yaani shamba la migomba, kuanzia Nyaishozi hadi Nkwenda na Kaisho ni ghala la malighafi ya bure. Nilikuwa napita kwa pikipiki, panga kwenye gunia nyuma, naomba mashina. Sikumbuki aliyenikatalia. "Chukua mwanangu, unatusafishia," ndivyo wazee walivyoniambia, nami nikalifanya neno lao kuwa tangazo: mikoba inayosafisha mashamba! Nilikata kibanja cha kwanza asubuhi, cha pili kabla ya jua kuwa kali, mchana nikavuka kijiji. Panga lilikuwa lile lile. Nililinoa kila siku, kuliosha, sikuliosha.

Mnyauko, ugonjwa wa migomba unaoletwa na bakteria, sikuwa siujui. Nani Kagera asiyeujua? Uganda uligunduliwa mwaka 2001, na huku kwetu ukathibitishwa mwaka 2006. Nimekua nikiona majani yakigeuka manjano na kulegea, ndizi zikiiva kabla ya wakati na nyama yake ndani ikiwa na rangi ya kutu. Nilijua kwamba ua dume huondolewa kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, kwa sababu wadudu na vyuma ndio wabebaji. Nilijua kwamba panga huchovywa kwenye maji ya jiki au hupitishwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Maelezo hayo nilishayasikia mikutanoni, na mwenyewe nilishamkemea binamu yangu kwa kutoyafuata.

Ila nilijitoa. Hoja yangu ilikuwa hii: shina lililokwisha kutoa mkungu limekufa, na maiti haiambukizwi. Nilitazama shina nikasahau kichaka. Chini ya udongo shina hilo limeungana na machipukizi yake yote, na ute wa njano unaotoka kwenye kidonda cha mgomba mgonjwa umejaa bakteria. Tena mgomba unaweza kubeba ugonjwa kwa wiki nyingi kabla jani halijabadilika rangi, kwa hiyo hata kuchagua vibanja vyenye afya hakukunisaidia kitu.

Bwana shamba ndiye aliyeunganisha habari. Alifika kwa mama mmoja huko Kyerwa ambaye migomba yake ilikuwa imeanza kunyauka, tena upande wa njiani, mbali na jirani mwenye ugonjwa. Akauliza nani amekata humu. Wakanitaja. Akaniita, akaomba kuona panga, akaligeuza upande na upande, akaniuliza nilitoka wapi kabla ya kuingia kwa mama yule. Nilimtajia. Kibanja hicho cha mwanzo kilikuwa kimeshang'olewa nusu.

Hakuna maabara iliyopima chuma changu, na mtu akitaka kunitetea anaweza kusema ni nyuki. Nimesemewa hivyo na marafiki, na kwa muda fulani nilikubali kwa furaha. Siku hizi sikubali. Nyuki hawana pikipiki ya kuruka vijiji vitatu kwa siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo hata bwana shamba hakuligusa. Shina nililolibeba halikuwa likingoja mtu wa kulisafisha. Hupasuliwa likalazwa chini liwe matandazo, likatunza unyevu na kurudisha potasiamu ardhini. Pamoja na samadi, ndicho kinachofanya kibanja kizae toka enzi za babu. Samadi hiyo ni ya ng'ombe, yule yule niliyekuwa nikijisifu kwamba sihitaji ngozi yake. Ng'ombe wa kwetu hachinjwi kwa ajili ya ngozi. Huchinjwa kwa nyama, na ngozi inabaki buchani ikitafuta mnunuzi. Sijui kwa nini niliona fahari kuipita ile na kwenda kuchukua chakula cha ardhi.

Ng'ambo ya Mto Kagera, Waganda hutengeneza nguo za gome la mti wa mutuba, ufundi ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu. Fundi akishabandua gome, hulifunga shina kwa majani ya mgomba ili gome jipya liote. Hufanya hivyo kwa sababu atalirudia shina lile lile. Mimi kibanja nilichokwisha kukikata sikuwa na haja ya kukirudia, na nadhani hapo ndipo nilipokosea kabla hata panga halijachafuka.

Sasa nanunua maganda yaliyokatwa na mwenye shamba kwa panga lake, tena machache, na lebo inataja poliyurethani. Baadhi ya wateja huisoma wakaurudisha mkoba mezani. Kwa yule mama nilikwenda nikasema yote mbele ya watoto wake. Hakunitukana. Alitaka gharama ya vibarua wa kung'oa, na miche safi baada ya ardhi kupumzika angalau miezi sita. Vibarua nimelipa. Miche nitainunua kahawa yangu ikishauzwa.