Sukari au Rangi?

Kwenye friza ya maabara yetu kuna kichupa kilichofungwa kwa foili ili mwanga usikifikie. Ndani yake mna unga kidogo wa manjano iliyokolea. Asiyeujua angedhani ni binzari. Kwa uzito, unga huo ni ghali kuliko dhahabu. Unaitwa 2-NBDG, na ukitaka kuuelewa bila kupitia kemia nzima, fikiria sukari iliyofungwa mkia unaowaka.

Sukari yenyewe ni glukosi, ileile inayotembea kwenye damu yako unaposoma hapa. Mkia ni kipande cha kemikali ambacho kikipigwa na mwanga wa buluu hurudisha mwanga wa kijani. Unaichanganya kwenye majimaji zinamokaa seli, unasubiri nusu saa, unaziosha, kisha unazitazama kwa hadubini. Seli iliyoingiza inang'aa. Isiyoingiza inabaki gizani. Molekuli hii ilianza kujulikana mwaka 1996, watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba bakteria huiingiza. Tangu hapo imetumika kwenye seli za ubongo, za misuli, za kinga na za saratani, kwa sababu inatoa kitu ambacho wanasayansi, kama watu wengine wote, wanakipenda mno: picha.

Picha yangu ya kwanza niliipata usiku, kwenye chumba cha giza ambacho sauti pekee ilikuwa feni ya hadubini. Zilikuwa seli za misuli ya panya, ndefu na nyembamba, zimelala sambamba kama dagaa kwenye wavu, na zote zinawaka kijani. Nilipiga picha ya skrini kwa simu nikamtumia mama.

Mama ni fundi cherehani mjini Tanga, na huu ni mwaka wa 11 anaishi na kisukari aina ya pili. Ndiye aliyenifikisha kwenye fani hii, ingawa hakuwahi kuniambia nisome nini. Nikiwa sekondari, mimi ndiye niliyekuwa namtoboa kidole asubuhi, nasoma namba kwenye mashine na kuiandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja. Kifua 38, kiuno 34, sukari 14.2. Nilielewa mapema kwamba namba hiyo inahesabu sukari iliyo nje ya seli. Damu imejaa, misuli ina njaa. Ghala limefurika na watoto wanalala na njaa, kwa kuwa mlango umekwama.

Mlango wenyewe una jina: GLUT4. Ni protini, na seli ya misuli ikiwa imetulia huiweka milango hii ndani, kama viti vya wageni vilivyopangwa stoo. Insulini inapofika inapiga hodi juu ya utando wa seli. Ujumbe unapita ndani, milango inasogezwa hadi kwenye utando, na sukari inaingia. Katika kisukari aina ya pili hodi inapigwa vilevile, lakini huko ndani inasikika kwa mbali. Kazi ya maabara yetu ni kujua sauti hiyo inapotelea wapi njiani. Ndiyo maana tunahitaji kujua, kwa uhakika, sukari kiasi gani imeingia.

Mama alinijibu kwa ujumbe wa sauti, cherehani ikisikika nyuma yake. "Nimeona mwanangu, pazuri. Sasa niambie, hicho kinachong'aa ni sukari, au ni rangi?"

Swali hilo lilikuwa tayari kwenye daftari langu la maabara, kwa maneno mengi zaidi na makali kidogo. Molekuli ya glukosi ina uzito wa 180. Glukosi yenye mkia ina 342. Maana yake mkia peke yake unakaribia uzito wa sukari iliyoubeba. Mfikirie mgeni aliyejitwika godoro kichwani. Ukimkuta sebuleni unajua ameingia. Huwezi kuapa kwamba amepita mlango wa mbele. Pengine mlango ulimbana, akazunguka uani.

Wazo la kutia rangi ili kufuatilia kitu lina historia ndefu, na mwanzo wake unatugusa hata sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1845, John Herschel wa Uingereza aliandika kuhusu mng'ao wa buluu aliouona kwenye maji yaliyoyeyushwa kwinini, dawa ileile chungu ya malaria. Mwaka 1852, George Gabriel Stokes aliueleza: dawa inapokea mwanga tusiouona na kutoa mwanga tunaouona. Akaupa jina la fluoresensi. Mwaka 1871, mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza fluoreseini, rangi ambayo chembe zake chache hutia kijani ndoo nzima ya maji.

Miaka 6 baadaye rangi hiyo ilimwagwa mtoni. Kusini mwa Ujerumani, karibu na mji mdogo wa Immendingen, mto Danube una tabia ya ajabu: maji yake yanazama ardhini kupitia nyufa za mawe ya chokaa. Watu wa viwanda waliokaa chini ya hapo walilalamika kwamba maji yao yanapotea, na kulikuwa na wenzao upande wa kusini walioishi kwa maji ya chemchemi ya Aach. Je, ni maji yaleyale? Mwaka 1877 zilimwagwa kilo 10 za fluoreseini kwenye nyufa. Baada ya saa kama 60, chemchemi ya Aach, kilomita kama 12 kutoka hapo, ikatoka kijani. Maji ambayo ramani ilisema yanakwenda Bahari Nyeusi yalikuwa yanaibukia upande wa mto Rhine, kuelekea Bahari ya Kaskazini.

Nilikwenda kupaona Jumamosi moja ya Agosti, kwa treni. Kiangazi mto unakauka kabisa sehemu hiyo. Nilitembea katikati ya kitanda cha Danube kwa viatu vikavu, juu ya mawe meupe, na sehemu ya mwisho yenye maji ilikuwa dimbwi linalonyonywa kimyakimya chini ya jiwe. Watoto walikuwa wanarusha vijiti vyao wavione vikizama. Hivyo viliishia kwenye mawe. Rangi ingepita.

Mwezi huohuo mama aliitwa Dar es Salaam kupimwa macho. Kisukari hula mishipa midogo, na mishipa ya nyuma ya jicho ni myembamba mno. Alikuwa ameanza kumwomba mtoto wa jirani amtungie uzi kwenye sindano. Kipimo alichofanyiwa kinatumia fluoreseini ileile ya mwaka 1871: inadungwa kwenye mshipa wa mkono, sekunde chache baadaye imefika machoni, na kamera yenye mwanga wa buluu inapiga picha mfululizo. Mshipa mzima unaonekana kama uzi safi. Mshipa unaovuja unaacha doa linalotanuka.

"Nimekuwa wa manjano kama embe bivu," aliniambia jioni, na akaongeza habari za rangi ya mkojo wake ambazo sitaziandika. Nilimweleza kwamba itaisha kesho. Kisha akaniambia la pili: jicho la kushoto lilikuwa na madoa matatu, na angerudi kupigwa leza.

Nilipokata simu nilikaa na maswali mawili yaliyofanana kwa nje. Kwa nini niliziamini picha za jicho la mama bila kusita, na nilizitilia shaka za kwangu? Zote ni rangi. Zote zinang'aa kijani chini ya mwanga wa buluu.

Jibu nililipata nikiukumbuka ule mto. Mto haumuulizi mtu jina. Rangi iliyoyeyuka inakwenda popote maji yanapokwenda, na kama swali lako ni maji yanatokea wapi, rangi inatosha kabisa. Jicho la mama nalo liliulizwa swali la aina hiyo: mshipa umetoboka wapi? Shimo halichagui kinachopita. Lakini mlango wa seli unachagua. Umeumbwa kushika glukosi kwa umbo lake, kona kwa kona, na kuacha nyingine nje. Ukibadilisha umbo la mgeni ili umwone vizuri, umegusa kitu chenyewe ambacho mlango unakitazama. Alama haina dhambi kwenye njia isiyojali alama. Kwenye njia inayojali, alama inakuwa msafiri wa pili.

Basi tukaupima mlango. Sahani ya kwanza ya seli haikuwekewa rangi yoyote, maana seli zenyewe zina mng'ao hafifu wa asili na lazima uutoe kwenye hesabu. Ya pili ilikaa kwenye barafu, kwa sababu baridi huzuia sana usafirishaji. Ya tatu ilipewa 2-NBDG pamoja na glukosi ya kawaida nyingi mno, ili zigombanie mlango. Ya nne ilipewa sitokalasini B, sumu ya kuvu inayoziba milango ya glukosi. Kama rangi inapita mlango wa sukari, sahani ya tatu na ya nne zilipaswa kufifia.

Hazikufifia inavyotakiwa. Mlango umezibwa, na bado dagaa wangu wanawaka. Nilipoongeza insulini mng'ao haukupanda. Tulirudia mara nne, siku tofauti, na seli zilizokuzwa upya. Hatukuwa wa kwanza kukutana na jambo hili: mwaka 2020 na 2021 zilichapishwa tafiti, baadhi zikiwa za seli za kinga, zilizoonyesha kwamba 2-NBDG inaingia hata mahali ambapo mlango mkuu wa glukosi umezibwa au umeondolewa kabisa. Inapita wapi, bado watu wanatafuta.

Profesa wangu alitazama picha ile kwa muda. "Nzuri sana," alisema. "Ndiyo maana inanitia wasiwasi."

Ripoti ya mwaka wa pili ilikuwa inakaribia, na ufadhili wangu unategemea ripoti. Ningekuwa na haki ya kuogopa kwa sababu hiyo peke yake. Lakini kilichoninyima usingizi kilikuwa kopo la unga wa mlonge lililo juu ya friji ya mama, alilouziwa na mtu aliyemhakikishia kwamba limethibitishwa maabara. Sina ugomvi na mlonge. Najua tu jinsi uthibitisho wa aina hiyo unavyoweza kupatikana. Ziko tafiti nyingi zinazopima mitishamba ya kisukari kwa kuzimwagia seli juisi ya majani pamoja na 2-NBDG, kisha kutazama kama mng'ao umepanda. Majani nayo yana kemikali zinazong'aa zenyewe. Mng'ao ukipanda, mtu anaandika kwamba sukari imeingia. Kutoka hapo hadi kwenye kopo juu ya friji ni safari fupi, na anayelipia nauli ni mtu anayepunguza dozi ya vidonge vyake kwa sababu ameambiwa mti unatosha.

Tulirudi kwenye njia ya zamani. Inatumia 2-deoksiglukosi, sukari iliyopungukiwa atomi moja tu ya oksijeni, na baadhi ya haidrojeni zake ni tritiamu, ambayo ni haidrojeni nzito yenye mionzi hafifu. Mkia hakuna. Mlango unaipokea kama glukosi. Ikishaingia, kimeng'enya kinaifunga fosfeti, kisha inakwama, haiwezi kuendelea wala kutoka. Unazivunja seli, unahesabu kilichokwama. Hakuna cha kuona. Kazi inafanywa kwa glavu mbili, kwenye meza yenye utepe wa onyo, na kila tone lina daftari lake. Jioni unaziweka chupa kwenye mashine ya kuhesabu na asubuhi unakuta karatasi yenye safu za namba.

Nilizisoma nikiwa nimesimama, koti bado mwilini. Insulini ilikuwa imepandisha sukari kwa karibu nusu ya kiwango cha mwanzo. Palipozibwa mlango, namba zilishuka karibu na sakafu, zenye insulini na zisizo nayo. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilikuwa nimeisikia ile hodi ikiitikiwa.

Mama amepigwa leza mara mbili sasa. Anashona bado, ila nguo nyeusi hapokei baada ya alasiri. Nilipompigia, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilimjibu swali lake: ile ya kijani ilikuwa rangi zaidi kuliko sukari, na sukari nimeipata kwa njia nyingine. Akataka nimtumie picha. Nikamwambia hakuna picha, ni nguzo nne za kijivu kwenye mchoro.

"Tuma hizohizo," akasema.

Mchoro huo nimeuweka mwanzo wa ripoti. Picha ya dagaa wa kijani imebaki, ukurasa wa tatu, maana ni kweli niliiona na ni kweli seli ziliwaka. Chini yake nimeandika: mng'ao wa 2-NBDG, usisomwe kama kipimo cha glukosi.