Ukuta Uliokunywa Maji

Mwanzoni mwa mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokuwa hazijaisha, niliona doa la maji chini ya ukuta wa chumba cha watoto. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi. Nikakanda udongo, nikapaka, nikaona kazi imekwisha.

Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, ukuta huu bado unakunywa maji. Tuhamishe kitanda." Nilikasirika, maana ukuta nilioupaka mwenyewe ulipendeza. Yeye hakungoja ruhusa yangu, akakihamisha. Usiku wa tatu ukuta ukaanguka, pale pale walipokuwa wakilala watoto.

Asubuhi nililiona kosa langu. Maji ya paa yalidondoka kando ya msingi, yakatuama. Na tofali bichi likiloa hurudi kuwa udongo. Nilikuwa nimefunika kidonda bila kukiosha.

Basi, wewe ukiona doa, usikimbilie kupaka. Kwanza, hamisha watoto na chakula. Ukuta uliolegea chini usilaliwe kando yake. Pili, tafuta maji yanatoka wapi. Chimba mfereji wenye mteremko uyapeleke mbali na nyumba, na urefushe paa litokeze nje ya ukuta. Tatu, acha ukuta ukauke kabisa, ndipo upake.

Na mkeo akikuambia neno juu ya nyumba, msikilize. Watoto wangu wako hai kwa sababu mama yao hakuningoja.