Hisani kwa Waliounguliwa

Kuunguliwa na nyumba ni msiba wa peke yake. Mwizi huchukua alichokiona, akaacha asichokiona. Mafuriko huharibu vyombo, lakini huacha kuta za kuoshwa tope. Moto huchukua kitanda na kilichofichwa chini ya kitanda. Huchukua nguo, na picha ya marehemu aliyezivaa. Asubuhi yake mwenye nyumba husimama juu ya jivu akiwa na jina lake, umri wake na madeni yake, wala hana kitu kingine. Swali ninalotaka kulitazama katika insha hii ni dogo kwa maneno, kubwa kwa maana. Mtu wa namna hii yafaa apewe nini, na apewe vipi, ili msaada usimwongezee jeraha?

Nililelewa na bibi yangu katika kijiji cha wakulima, mahali ambapo kila mwisho wa kiangazi watu hufyeka mashamba na kuyachoma moto, wakingojea mvua. Mwaka mmoja upepo uligeuka. Moto ulivuka mpaka wa shamba, ukashika nyasi za nyikani, ukafika kwenye mapaa ya makuti, na nyumba tatu zikateketea kabla ya adhuhuri. Majirani walikuja na walichokuwa nacho: huyu mkeka, yule sufuria, mwingine pishi ya mahindi. Mzee mmoja akaanza kuwahoji waliounguliwa: mlikuwa na nini, kilikuwa na thamani gani, nani alikuwa wapi moto ulipoanza. Bibi alimkata kauli, akasema, "Mtu akivuliwa nguo na moto, usimvue tena kwa maswali." Nimesoma mengi juu ya hisani tangu siku ile, lakini sijapata kanuni iliyo fupi kuliko hiyo. Ndiyo niliyoifanya mizani ya kupimia matendo ya watu walio mbali nasi, na mawili katika matendo hayo nataka kuyaeleza hapa.

Tarehe 28 Novemba 2016 upepo mkali uliuteremsha moto wa msituni kutoka milima ya Great Smoky hadi mji wa Gatlinburg na vitongoji vyake, katika wilaya ya Sevier, jimbo la Tennessee, Marekani. Watu 14 walikufa, na majengo zaidi ya 2,400 yaliteketea au kuharibika. Katika wilaya hiyo ndiko alikozaliwa mwimbaji Dolly Parton mwaka 1946, katika familia maskini ya watoto 12. Siku chache tu baada ya moto alitangaza mfuko alioupa jina la My People Fund, yaani mfuko wa watu wangu. Ahadi yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kila familia iliyopoteza makao yake ya kudumu, iwe na nyumba yake au iwe imepanga, ingepewa dola 1,000 kila mwezi kwa miezi sita. Mwezi wa mwisho ulipofika, Mei 2017, michango ilikuwa imezidi makadirio, basi malipo ya mwisho yakawa dola 5,000. Familia zilizopokea zilikuwa zaidi ya 900, na iliyopokea tangu mwanzo hadi mwisho ilipata dola 10,000.

Tarehe 8 Agosti 2023 moto mwingine uliteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui, Hawaii. Mji huo ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Hawaii katika karne ya 19. Watu 102 walipoteza maisha, na majengo zaidi ya 2,200 yaliharibiwa. Kabla mwezi haujaisha, Oprah Winfrey na Dwayne Johnson walianzisha mfuko wa People's Fund of Maui kwa dola milioni 10, wakiufuata mfano wa Tennessee. Mfuko huo uliwapa watu wapatao 8,100 dola 1,200 kila mwezi kwa muda wa miezi sita.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni kwamba mifuko yote miwili ilitoa fedha. Aghalabu baada ya msiba mkubwa watu hutoa vitu: nguo kuukuu, viatu visivyo na wenzake, vyakula ambavyo mlaji hakuvizoea. Vitu hivi hurundikana, huhitaji ghala, huhitaji watu wa kuvichambua, na mwisho vingi hutupwa. Mtoaji amepunguza mzigo wa kabati lake, mpokeaji ameongezewa mzigo wa shukrani. Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliyeunguliwa ndiye ajuaye kama haja yake ya leo ni dawa ya mzee, kodi ya chumba, mafuta ya gari la kumfikisha kazini, au sare ya mtoto wa shule. Fedha humwachia uamuzi, na uamuzi ni mali ya kwanza ambayo moto ulimnyang'anya.

Najua lipo pingamizi, nalo si la kudharauliwa. Husemwa kwamba fedha za bure hufundisha uvivu, na methali yetu huletwa kuwa shahidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini methali hiyo ina sharti ambalo wasemaji hulisahau. Mwenyeji anayempa mgeni jembe ana jembe la kutoa na shamba la kumwonyesha. Katika mji ulioungua, duka alilofanya kazi mtu limeungua pamoja na nyumba yake, na chombo cha ufundi wake kimeyeyuka. Dola 1,200 kwa mwezi katika kisiwa kilicho ghali kama Maui haziwezi kumfanya mtu mvivu; ni jembe lenyewe, ambalo kila mpokeaji alilichonga kwa umbo la kazi yake.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ni hesabu. Mfuko wa Tennessee ulihesabu familia. Mfuko wa Maui ulihesabu kila mtu mzima mwenye miaka 18 au zaidi. Tofauti hii yaweza kuonekana ni ya makarani tu, kumbe ndani yake mna swali la haki. Pale Lahaina watu wengi waliishi wazazi, watoto na wajukuu chini ya paa moja, kwa sababu ya ughali wa nyumba. Kuwahesabu watu kama hao kuwa kitu kimoja kungewapunja. Tena kumpa kila mtu mzima fungu lake humwondolea mke haja ya kumwomba mume, na kijana haja ya kumwomba baba. Lakini hesabu hii nayo ina aliyepunjwa: mama mwenye watoto watano wadogo hupata sawa na kapera. Sijaona kipimo ambacho hakumwacha mtu nje ya mlango. Wajibu wa mgawaji ni kumjua huyo aliyeachwa, na kumtafutia njia nyingine kabla hajaja kulalamika.

Jambo la tatu ni lawama. Mfuko wa Maui ulipotangazwa, watu wengi waliuliza kwa hasira: matajiri hawa wana haki gani ya kuwaomba wachumia juani? Lawama hiyo ina sehemu yake ya ukweli, maana mwenye kingi hutazamiwa kingi. Hata hivyo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtu mwenye dola tano hakulazimishwa na yeyote, na kumnyima nafasi ya kutoa kwa kuwa yuko tajiri wa kutoa ni kumwambia kwamba huruma ni haki ya wenye mali peke yao.

Limebaki neno moja ambalo mtu mkarimu hapendi kuliambiwa. Hisani si haki, wala haiwezi kukaa mahali pa haki. Uchunguzi wa moto wa Lahaina, uliotolewa Oktoba 2024, ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa nyaya za umeme zilizoanguka asubuhi, na kwamba moto uliodhaniwa umezimwa uliwaka tena alasiri. Huko Paradise, California, ambako watu 85 walikufa katika moto wa Novemba 2018, kampuni ya umeme ilikiri mahakamani mwaka 2020 makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Palipo na mkosaji, mwenye kuunguliwa si mwombaji, ni mdai. Lakini haki hutembea kwa miguu, na njaa hukimbia. Mapatano ya fidia ya Lahaina, ya dola bilioni 4 hivi, yalitangazwa Agosti 2024, mwaka mzima baada ya moto, na kutangazwa si kulipwa. Katika mwaka huo watoto walikula nini? Hapo ndipo penye kazi ya hisani: kuwa daraja kati ya siku ya msiba na siku ya haki. Daraja halijengwi ili watu wakae juu yake, wala halifai kubomolewa kwa sababu si nyumba.

Misitu itaendelea kuwaka, na miji itaendelea kujengwa karibu nayo. Wasomaji wa kurasa hizi, wengi wao vijana, siku moja watakalia viti vya kamati na kushika kalamu ya kugawa. Naomba wakumbuke kwamba jina lililo mbele yao katika orodha ni la mtu aliyekuwa na ufunguo jana. Wampe upesi, wampe kwa kipimo kinachojulikana na wote, wamwachie uamuzi, na wasidhani kwamba kwa kumpa wamemmalizia deni analolidai kwa wengine.