Kupanga zamu ya likelemba, na mtihani wa kuingia masomo ya sheria



Juma hili tuzungumze juu ya maswali yanayowatesa watoto wetu, na zaidi wasichana: maswali ya kufikiri. Hayaulizi mtoto amekariri nini. Yanampa watu, siku na masharti, kisha yanamwambia: panga.

Mtoto wa dada yangu anaishi Marekani na alitaka kuwa avoka. Kule mtu haingii masomo ya sheria mara tu anapotoka sekondari, kama watoto wetu wanavyoingia UNILU wakiwa na dipulome ya Serikali. Anamaliza kwanza masomo mengine ya chuo kikuu, halafu anafanya mtihani unaoitwa LSAT. Mtihani huo ulianza mwaka 1948, na alama zake zinatoka 120 mpaka 180. Hauulizi sheria hata moja. Unaangalia namna mtu anavyosoma na anavyofikiri. Kwa miaka mingi sehemu yake moja ilikuwa michezo ya kupanga: michezo 4, maswali 23 hivi, dakika 35 tu.

Siku moja aliniandikia kwa telefone: «Mama mdogo, hii si ya watu kama sisi.» Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angesema ameshindwa. Anayeshindwa leo anaweza kujaribu kesho, lakini anayesema «si ya watu kama sisi» amejifungia mlango yeye mwenyewe.

Nilimwomba anigeuzie mchezo mmoja kwa Kiswahili. Nilipousoma nilicheka, maana ilikuwa likelemba kabisa! Nani apokee kwanza, nani asimfuate nani, nani asiwe wa mwisho. Mimi ndiye ninayeshika kaye ya likelemba ya kikundi chetu, na kazi hiyo naijua. Basi nikamtungia mchezo wa hapa kwetu. Chukueni biki, tuufanye pamoja.

Wamama watano wa soko wanacheza likelemba kwa majuma matano, na kila juma mmoja anapokea. Kuna wa unga, wa makala, wa samaki, wa sombe na wa mafuta. Masharti ni manne:

1. Wa unga anapokea juma la tatu.
2. Wa makala anapokea mbele ya wa samaki.
3. Wa samaki hapokei juma la mwisho.
4. Wa sombe na wa mafuta hawafuatani.

Swali: nani anapokea juma la nne?

Mtu mwenye haraka anaanza kubahatisha kichwani. Wamama watano wanaweza kupangwa kwa njia 120, na hakuna kichwa kinachobeba zote hizo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandika. Chora nafasi tano, andika chini yake 1, 2, 3, 4, 5.

Jambo la pili, anza na kile kisichohama. Wa unga yuko 3, mwandike pale. Zimebaki nafasi 1, 2, 4 na 5.

Jambo la tatu, tafuta aliyefungwa na masharti mengi. Ni wa samaki. Hawezi kuwa 5, maana hapokei mwisho. Hawezi kuwa 1, maana wa makala lazima amtangulie. Amebaki na nafasi mbili tu, 2 au 4.

Jambo la nne, jaribu moja na uone kama inavunjika. Tuseme wa samaki yuko 2. Basi wa makala yuko 1. Nafasi zilizobaki ni 4 na 5, na wa sombe na wa mafuta watakaa humo wakifuatana. Sharti la nne limekataa. Basi wa samaki hana pengine pa kwenda, anapokea juma la nne. Hakuna sharti lililosema hivyo wazi, lakini yote manne pamoja yamelisema. Na zile njia 120 zimebaki 4 tu.

Kuna jambo la tano, na hilo ndilo gumu kwetu sisi wamama. Usiongeze kitu ambacho hakikuandikwa. Mtoto wangu yule aliniuliza: «Na kama wa makala ni mjane, si tumpe wa kwanza?» Katika kikundi chetu ndiyo, tungekaa tukazungumza, na pengine tungempa. Lakini katika mtihani soma kilichoandikwa, si kile ambacho moyo wako unataka kiandikwe. Avoka naye anahitaji hivyo. Atamhurumia mjane, lakini mbele ya jaji atasimama juu ya maneno ya karatasi. Asiyejua kutenganisha hayo mawili hataweza kumsaidia mjane huyo.

Tulifanya mchezo mmoja kila jioni, yeye kule na mimi hapa. Kila mara niliona shida yake haikuwa akili. Ilikuwa woga uliomfanya akimbilie jibu mbele ya kuchora. Alipozoea kuandika kwanza, mkono ukatulia. Alifanya mtihani, alama zikatosha, na leo anasoma sheria.

Tangu mwezi wa 8 mwaka 2024, sehemu hiyo ya michezo imeondolewa katika LSAT. Sababu yake inafaa kujulikana. Mtu mmoja asiyeona, wa jimbo la Michigan, alishitaki mwaka 2011. Alisema michezo hiyo inamtaka mtu achore, naye hawezi kuchora kama wenye macho, je, atapimwaje sawa nao? Mwaka 2019 pande mbili zilipatana kwamba itafutwe njia nyingine ya kupima. Basi mwenye kushindwa mchezo hakuwa lazima mjinga. Pengine alinyimwa tu chombo. Lakini kufikiri kwenyewe hakukuondolewa. Maswali yaliyobaki yanauliza bado: kutoka katika maneno haya, ni lipi lazima liwe kweli?

Wamama, watoto wetu wa hapa wanaongoja Exetat wanakutana nao na maswali ya kuchagua jibu, na saa inakimbia. Mama asiyejua Kifaransa vizuri asiseme hana la kumsaidia mtoto. Yeye anayegawa unga ufike mwisho wa mwezi, anayejua mtoto gani avae viatu gani asubuhi na gani mchana, anafanya kazi hii kila siku. Ketini na mtoto, mwambieni aandike, aanze na kisichohama, ajaribu, afute. Na binti akisema «si ya watu kama sisi», mwonyesheni kaye ya likelemba.

Swali la nyumbani, likelemba ni ile ile: kama wa mafuta anapokea juma la kwanza, nani anapokea la pili, na nani la tano? Wapeni watoto leo jioni, mje na jibu siku ya mkutano. Na mtoto atueleze mwenyewe namna alivyolipata.