Jinsi Nilivyotafuta Dawa kwa Kompyuta

Wenzangu wengi wa bweni letu walidhani kwamba muhula uliopita, nilipokuwa nikishinda katika chumba cha kompyuta hata kengele ya kulala ikapigwa, nalikuwa nikicheza michezo. Wako waliokwenda kunishtaki kwa kiranja. Sasa nataka kueleza nilichokuwa nikifanya pale na yaliyonipata kwa ajili yake, maana habari zimekwisha enea nusu nusu, na hata wadogo wa Kidato cha Kwanza huniita “Daktari” ninapopita.

Jambo lenyewe lilianza darasani. Mwalimu wetu wa Kemia alitueleza kwamba dawa nyingi hufanya kazi kama ufunguo katika kufuli. Ndani ya kijidudu cha malaria zimo protini zinazokiweka hai, na protini huwa na shimo lenye umbo lake. Molekuli ndogo ikiingia katika shimo lile ikakaa sawasawa, kazi ya protini husimama, na kijidudu hufa. Zamani hapakuwa na njia ila kuitengeneza molekuli, kuijaribu, ikishindwa kutengeneza nyingine. Lakini mwaka 1982 Bwana Irwin Kuntz na wenzake wa San Francisco, Marekani, walichapisha njia ya kuifanya kompyuta ijaribu funguo hizo. Kompyuta hupewa umbo la kufuli na umbo la ufunguo, nayo huugeuza huku na huku, juu chini, hata ipate mkao ulio bora, kisha hutoa alama. Ndiyo kazi iitwayo kuchuja dawa kwa kompyuta.

Uzuri wake ni kwamba kompyuta haichoki. Mwaka 2005 mpango ulioitwa WISDOM uliunganisha kompyuta za nchi nyingi, hasa za Ulaya, zikajaribu funguo katika kufuli la malaria zaidi ya mara milioni 40 kwa muda wa majuma sita hivi. Kompyuta moja peke yake ingalihitaji kama miaka 80. Mwaka 2019 wanasayansi wengine wa Marekani walieleza jinsi walivyopima molekuli milioni 138 katika kufuli moja la ubongo, na nyingi katika hizo hazijapata kutengenezwa na mtu ye yote, zilikuwa michoro tu. Kisha 549 katika hizo zikatengenezwa na kujaribiwa maabarani. Mwalimu alizitaja hesabu zote mbili. Mimi nalisikia ile milioni 138. Ile 549 ilinipita.

Siku ile ile nikaazimia kuwa mtafutaji wa dawa.

Kufuli nililolichagua huitwa DHFR. Kijidudu cha malaria hulihitaji ili kizaane. Dawa ya SP, ambayo nchi yetu ya Tanzania iliitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria tangu 2001 hata 2006, ina ndani yake pirimethamini, nayo ndiyo ufunguo wa kufuli hilo. Lakini kijidudu ni mjanja. Mahali pa 108 katika mnyororo wa protini ile, serini iliondoka ikaja asparajini, na ufunguo ukawa haukai tena kama zamani. Mwaka 2003 wanasayansi wa Thailand walichapisha umbo la kufuli hili, la kwanza na lililobadilika, nalo limewekwa wazi kwa watu wote wa dunia, hata kwa mwanafunzi wa Kidato cha Tano anayetumia kompyuta ambayo kitufe chake cha herufi A kimeng'oka. Programu ya kupimia, AutoDock Vina, nayo ni ya bure. Sikuombwa senti wala cheti.

Upande wa funguo nikachagua mwarobaini. Sababu yake ni bibi yangu. Anakaa kijijini karibu na Muheza, na mbele ya nyumba yake uko mwarobaini mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Tangu nikiwa mtoto tumeogeshwa majani yake kwa kila upele na kila homa. Nikakusanya maumbo ya molekuli 12 za mti huo. Kila moja ilichukua dakika kadhaa, na umeme ukikatika nalianza upya.

Katika Vina, kadiri alama inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo inavyokuwa bora. Pirimethamini ilipata 7.9 chini ya sifuri. Molekuli ya saba ya mwarobaini ikapata 9.2. Nalisimama nikapiga meza. Mwarobaini umeishinda dawa ya kiwandani! Ilikuwa siku mbili kabla ya likizo ya Juni, walimu wana haraka ya kusahihisha mitihani, nikaona hapana haja ya kumsumbua Mwalimu. Nikaiandika alama ile katika kijikaratasi, nikakitia mfuko wa shati.

Nalifika kwa bibi wakati wa machungwa. Baada ya “shikamoo” na “marahaba,” na kuulizwa kama huko shuleni tunalishwa kweli, nikakitoa kikaratasi. “Bibi,” nikasema, “kompyuta imepima. Mwarobaini unaua malaria.”

Bibi akacheka. “Ndiyo mmejua leo, mjukuu wangu?” Lakini nalimwona alivyofurahi. Jioni ile aliwaambia majirani waliokuja kuomba moto kwamba hata mashine za shule ya serikali zimekubali maneno yake.

Hapa yanipasa kueleza jambo moja, ili mtu asimdhanie bibi ubaya. Desturi yake ilikuwa moja tu miaka yote: mtoto akichemka mwili, kwanza zahanati akachomwe kidole na kupimwa, akipewa dawa mseto ameze mpaka ziishe, na majani ya mwarobaini baadaye, ya kuogea. Majani hayakuwahi kutangulia zahanati.

Juma la pili la likizo, siku ya Alhamisi, Hamisi, mtoto wa mama mdogo, mwenye miaka minne, aliamka na homa. Mama mdogo akamfunga mgongoni ili aende zahanati. Bibi akamwambia, “Ngoja. Kwa nini ukakae foleni kutwa juani? Mwanangu huyu msomi amekwisha pima.” Akachuma majani, akayachemsha, akamnywesha kikombe.

Nami nalikuwapo. Nalikuwa nimekaa juu ya mbuzi ya nazi nikikuna. Nalijua kwamba nilichopima si Hamisi, wala si chai ile, ila mchoro juu ya kioo. Ningaliweza kusema. Nikanyamaza, maana ilikuwa tamu kuitwa msomi mbele za watu.

Ijumaa homa ikapungua kidogo, tukafurahi. Jumamosi ikarudi kwa nguvu. Usiku wa kuamkia Jumapili Hamisi alishikwa na degedege. Macho yaligeuka, mikono ikakaza, na mama mdogo akapiga yowe ambalo hata leo nikilala mchana nalisikia. Tukampakia kwenye pikipiki, yeye na mama yake nyuma ya dereva, nami nikafuata kwa pikipiki nyingine mpaka hospitalini.

Sitayasimulia yote ya usiku ule. Aliwekwa sindano ya artesuneti, akawekewa na maji ya sukari, na siku ya Jumanne aliomba uji. Leo ni mzima, na ana utundu wake ule ule.

Daktari aliuliza kwa nini mtoto alicheleweshwa. Mama mdogo akatazama chini. Nikajibu mimi, nikaeleza habari zote za kompyuta. Nalitazamia kugombezwa. Hakunigombeza, aliuliza tu, “Je, wajua tulivyoijua sindano hii?” Akanieleza kwamba asili yake ni majani pia, ya mmea wa China. Mama mmoja, Tu Youyou, na wenzake waliipata dawa yake katika miaka ya 1970 na kitu, baada ya kusoma vitabu vya kale vya waganga. Na mwaka 1972 alitangulia yeye kuimeza ili aone kama itamdhuru mtu. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Hata hivyo, kabla sindano haijaitwa bora kuliko kwinini kwa watoto wetu, watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa na kuhesabiwa katika nchi 9 za Afrika, na wengine katika hao walikuwa wa hapa hapa Muheza. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Waliopewa kwinini walikufa 10.9 katika kila mia. Waliopewa artesuneti, 8.5.

Nalizitoa hesabu zile kichwani nikiwa nimesimama kando ya kitanda. Tofauti ni wawili na kitu katika mia, na ili kuijua ilibidi maelfu ya watoto wafuatwe mmoja mmoja. Kikaratasi changu kilikuwa bado mfukoni.

Shule ilipofunguliwa nalikwenda kwa Mwalimu wa Kemia, nikamwonyesha. Akasoma kimya, kisha akauliza swali ambalo naliona haya kwamba sikujiuliza mwenyewe: “Ulijaribu na vitu visivyokuwa dawa?” Sikuwa nimejaribu. Tukakaa pamoja, tukaingiza kolesteroli, mafuta yale yale yaliyomo katika damu ya kila mtu. Ikapata 8.8. “Basi,” akasema, “kolesteroli nayo ni dawa ya malaria, tena yaishinda pirimethamini?” Tukacheka, ingawa mimi sikucheka sana.

Akanieleza kwamba programu hii hupendelea vitu vikubwa, kwa kuwa kila atomu inayogusa ukuta wa shimo huongeza alama, na molekuli za mwarobaini ni kubwa. Tena alama haisemi kama molekuli itayeyuka tumboni, kama ini litaiacha salama, kama itaingia ndani ya chembe nyekundu za damu anamokaa kijidudu, wala kama itamdhuru mgonjwa kabla ya kumponya. Na mafuta ya mwarobaini yamepata kuwadhuru watoto wadogo. “Na katika kikombe cha bibi yako,” akauliza, “ilikuwamo molekuli hiyo kiasi gani?” Sikujua. Pengine haikuwamo kabisa.

Nikamwuliza kama kazi yote hii ni bure. Akasema sivyo. Mtu mwenye molekuli milioni hana fedha za kuzijaribu zote maabarani, lakini mia tano huenda akaziweza. Basi kompyuta humpunguzia. Mwaka 2020 watafiti, wengine wao wa Afrika, walitangaza benki ya molekuli zaidi ya 1,800 zilizopatikana katika mimea na viumbe vya Afrika ya Mashariki, ili watu wazichuje kwa njia hii hii. Ndipo nikaikumbuka ile 549.

Tukaanza upya. Safari hii tulizichanganya zile 12 na molekuli 50 zisizokuwa dawa ya malaria, zilizolingana nazo kwa ukubwa, tukazipima zote katika kufuli la zamani na katika lile lililobadilika. Ile ya saba, iliyonifanya nipige meza, iliangukia katikati ya zile 50. Mbili tu zilizishinda zote, tena kwa alama chache.

Mwalimu amesema shule haina maabara ya kufuga vijidudu vya malaria, nayo haipaswi kuwa nayo, na kwamba ataandika barua kwa watu walio nayo. Barua bado haijajibiwa. Majina ya molekuli zile mbili nimeyaandika nyuma ya daftari langu la Kemia. Bibi hajaambiwa.