Redio, Cherehani na Kifaransa Changu

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka uliofuata, corona ilipoingia, walishuka hadi karibu 620,000. Kwetu waongoza watalii wa Arusha, takwimu hiyo ilimaanisha magari yaliyoegeshwa na simu zisizoita. Nyumbani kwangu ilimaanisha kodi iliyolimbikizana, ada ya watoto na dawa za presha za mama. Nikaanza kukaanga maandazi na kuyatembeza Soko la Kilombero.

Ni katika miezi hiyo niliporudi kwenye Kifaransa. Nilikisoma sekondari hadi kidato cha nne, kikaishia hapo. Ndugu waliona nimechanganyikiwa: mtu hana unga ndani, anahangaika na lugha ya watu walioacha kuja! Lakini niliamini watarudi, na wakirudi atakayeitwa kazini mapema ni anayeweza kuzungumza nao. Kiingereza tunacho karibu sote.

Pesa ya kozi sikuwa nayo. Redio nilikuwa nayo. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, inatangaza kwa Kiswahili tangu 2010, na kwa Kifaransa ina taarifa ya habari ya dakika kumi iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza, kwa lugha nyepesi, kila tukio likifafanuliwa. Nilisikiliza kwanza habari za Kiswahili, kisha nikafuata zile za Kifaransa. Nikishajua kuna uchaguzi Guinea au mapigano Kivu, sikio halikuhangaika na maana. Lilishughulika na sauti tu. Hapo ndipo nilipotambua ugumu ulikokuwa. Kiswahili kila silabi tunaitamka na inasikika. Kifaransa kinameza herufi za mwisho, kinaunganisha neno na neno, sentensi nzima inatoka kwa pumzi moja. Shuleni tulikisoma kwa macho, ubaoni.

Arusha haikosi wasemaji wa Kifaransa. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilikaa hapa hadi 2015, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ipo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake hapa ilikubali Kifaransa kiwe lugha yake rasmi mwaka 2021. Mwalimu wangu, hata hivyo, hakutoka ofisi yoyote kati ya hizo. Ni mama wa Kirundi, fundi cherehani pale sokoni, mteja wangu wa maandazi. Siku aliyonisikia nikirudia maneno ya redio aliacha kukanyaga cherehani.

“Mdogo wangu, redio haiwezi kukujibu. Sema na mimi.”

“Dada, ile ‘u’ yao inanishinda.”

“Sema ‘i’. Ulimi uache hapo hapo. Sasa viringisha midomo.”

Nikaisema. Akaendelea kupinda suruali ya mtu huku akiniuliza habari za wanangu kwa Kifaransa, na hakukubali nijibu kwa Kiswahili.

Watu husema mtu mzima kichwa kimeshakuwa kigumu. Mimi nashuhudia kinyume. Kijana wa kidato cha pili hutafuta cha kusema. Mimi nilikuwa na uhamaji wa nyumbu, uzazi, madeni na wazee wa kutunza, vyote vikidai njia ya kutokea. Katika mtihani wa Kifaransa wa DELF, ngazi ya B1, wenye sehemu nne za alama 25 kila moja, sehemu ya kuzungumza ndiyo iliyonibeba. Unaokota mada, unatoa msimamo wako, unautetea. Nimefanya hivyo maisha yangu yote.

Wafaransa walikuwa miongoni mwa waliotangulia kurudi, na nilikuwamo kwenye gari. Ukingoni mwa Ngorongoro mzee mmoja aliniuliza kwa nini Wamaasai hawaishi tena ndani ya kreta, nikamweleza historia ile kwa kirefu, tangu walipohamishwa miaka ya sabini, bila kukimbilia Kiingereza. Kodi nimemaliza kulipa. Masika hii, Aprili na Mei safari zinapopungua, nimejiandikisha ngazi ya B2, na safari hii ada ya darasa nimeitoa mfukoni mwangu.