Chanjo Zaidi ya Asilimia 100

Mimi ni mtakwimu wa halmashauri, hapa Tanzania. Napokea namba kutoka zahanati, shule na ofisi za kata, nazikagua, nazipandisha juu. Ninyi huzisikia kwenye hotuba, zikiwa zimenyooka. Sisi tunazijua tangu zikiwa vijiti vya kalamu kwenye karatasi.

Tuanze na zahanati ya kijijini. Muuguzi ni huyohuyo: anapima uzito, anachanja, anazalisha, anagawa dawa. Kila mtoto anatakiwa aandikwe kwenye rejesta ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kila dozi ipigiwe kijiti kwenye fomu ya majumuisho. Siku ya kliniki kinamama wanajaa benchi mpaka nje. Muuguzi akichagua kuandika, foleni inasimama. Akichagua kuchanja, rejesta inasubiri jioni, na jioni anajaza kwa kumbukumbu.

Fomu iliyojazwa kwa mkupuo naitambua nikiishika tu. Kalamu moja, mwandiko mmoja, karatasi safi, mwezi mzima. Rejesta ya kweli ina wino wa rangi mbili tatu, ina majina yaliyokatwa na kuandikwa upya, na kona zimechakaa. Lakini nikiletewa ile fomu safi, imefika kwa wakati na haina kisanduku kitupu. Ikishaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanyia taarifa hizi, wilaya inapongezwa kwa kuwahisha taarifa. Hakuna anayepongezwa kwa kuandika kweli.

Halafu kuna walengwa. Ili tujue asilimia ya watoto waliopata Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya Penta, tunagawanya waliochanjwa kwa watoto tunaokadiria kuwa wapo. Makadirio hayo yanatoka kwenye sensa. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 tulikuwa tunakisia ongezeko la watu mwaka hadi mwaka, huku machimbo yakifunguliwa, watu wakihamia, na kinamama wa wilaya jirani wakija kwetu kwa sababu ni karibu. Matokeo yake, kata inaonyesha chanjo zaidi ya asilimia 100. Pengine walengwa wamekadiriwa wachache. Pengine kuna watoto waliohesabiwa mara mbili. Namba peke yake haisemi ni lipi. Mpaka uende ufungue rejesta.

Niliwahi kuagizwa niishushe namba ya namna hiyo kabla ya kikao cha tathmini, kwa maelezo kwamba itatutia aibu. Nilikataa, nikaiacha ilivyo na kuandika maelezo chini ya jedwali: walengwa ni wa makadirio, rejesta za vituo hivi bado hazijahakikiwa. Jedwali likapanda ngazi ya juu. Maelezo yakakatwa njiani.

Kanuni zipo. Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi za Umoja wa Mataifa ni za mwaka 1994, na Baraza Kuu liliziidhinisha 2014. Ziko kumi. Zinataka mbinu zichaguliwe kwa vigezo vya kitaalamu, vyanzo vielezwe wazi, na taasisi ya takwimu iwe na haki ya kusema pale namba zinapotumiwa vibaya. Afrika nayo ina Mkataba wake wa Takwimu wa 2009. Lakini hakuna askari atakayefika kwenye ofisi yangu kuuliza nani alifuta maelezo ya chini.

Sheria kali haizibi pengo hilo. Mwaka 2018 Tanzania ilirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kusambaza takwimu za kupinga zile rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena, na haki ya kukusanya na kutoa takwimu ikatambuliwa. Unaweza kumzuia mtu asibishe namba, lakini huwezi kumlazimisha aiamini. Imani huletwa na mambo ambayo ofisi inakubali kuyafanya bila kusukumwa. Nchini Uingereza, sheria iliruhusu mawaziri kuona takwimu saa 24 kabla ya umma. Tarehe 1 Julai 2017 Ofisi ya Takwimu ya Taifa ya huko iliacha yenyewe kuwapa nafasi hiyo katika takwimu zake. Haikusubiri sheria ibadilishwe.

Halmashauri nazo zinaweza kuanza bila kusubiri waraka wala bajeti. Kila jedwali liseme namba imetoka wapi, vituo gani havikuleta, walengwa wamekadiriwa vipi, na lini ilisahihishwa. Tarehe ya kuitoa itangazwe mapema, isisogezwe kwa sababu namba ni mbaya. Maelezo ya chini yasafiri na jedwali mpaka mezani kwa waziri. Na muuguzi aliyeleta namba mbaya lakini ya kweli alindwe, kwa sababu akikaripiwa mara moja tu, mwezi ujao atakuletea nzuri.

Nawe msomaji, ukisomewa asilimia mkutanoni, nyoosha mkono uulize ni ya watoto wangapi, na walihesabiwa vipi. Nasi huku chini tunalihitaji swali hilo, maana likiulizwa hadharani, anayetaka kufuta maelezo yetu atasita.